Raketi Aliyoileta Abti

Msije kwangu mkasema mnataka raketi yenye nguvu. Nimestaafu, subira yangu niliiacha kwenye stoo ya michezo kule Garissa, na hayupo tena bosi wa kunikataza kumfukuza mteja. Mjukuu wangu mwenyewe alianza na neno hilo juzi, nikamwambia atoke nje aingie upya. Raketi haina nguvu, wanangu. Nguvu ni ya bega lako na kiuno chako. Raketi inaamua tu ni kiasi gani kiende na mpira na kiasi gani kirudi mkononi. Hicho kinachorudi ndicho nitakachowasimulia, kwa sababu nilikiona kikimla mtu.

Nilikuwa Garissa miaka ya tisini, kwenye stoo iliyokuwa kando ya klabu ya watumishi wa serikali. Kwenye barua ya ajira kazi yangu ilikuwa kutunza mipira, nyavu na jezi. Kazi yangu ya kweli ilikuwa kufunga nyuzi za raketi za tenisi, kwa sababu kutoka kwetu Mwingi mpaka Mandera sikujua mtu mwingine mwenye mashine ya kuzivuta. Nilipofika, wanaume wa klabu walidhani nimeletwa kufagia. Walipoona mwanamke wa Kikamba amefunga leso kiunoni, anachomoa nyuzi zilizokatika na kupitisha mpya tundu baada ya tundu, walinyamaza kwanza, halafu wakaanza kuniita Mama Raketi. Jina langu ni Syombua, lakini hata mshahara ningeweza kuuchukua kwa hilo lingine.

Kazi yenyewe nilifundishwa Nairobi na fundi wa Kihindi aliyeitwa Mzee Kanji, aliyekuwa na kichumba nyuma ya duka la vifaa vya michezo. Huyo mzee hakuwa na utani. Mara ya kwanza niliyoachiwa mashine nilivuta nyuzi mpaka fremu ikajikunja ikawa umbo la yai. Hakunipigia kelele. Aliitundika ukutani juu ya kiti changu, na kila mteja aliyeingia aliniuliza hiyo ni ya mchezo gani. Ilikaa pale mpaka nilipohama.

Kanji alinieleza kwa mfano wa mizani ya sokoni, kwamba ukiongeza huku, kule kunanyanyuka. Fremu nene na ngumu inausukuma mpira sana, lakini haimezi mtikisiko, inaupeleka wote kiwikoni. Fremu inayokubali kujipinda kidogo inameza, ila mpira utakwenda kwa jasho lako. Nyuzi zikilegezwa, mpira unaruka mbali na mkono unapumzika, lakini mpira haukusikilizi. Zikikazwa unakusikiliza, na mkono ndio unaolipa. Raketi nyepesi inapendeza ukiwa dukani. Mpira mzito ukiigonga, inatetemeka yote. Ile yenye uzito kiasi, na uzito wenyewe ukiwa upande wa mpini, inapokea kipigo kwa niaba yako. Na mpini ukiwa mwembamba kuliko kiganja, au ukiteleza, utaukaba usiku na mchana bila kujijua, mpaka mishipa ya mkono ichoke. Hakuna raketi iliyo nzuri kote kote. Kanji alikuwa akisema mteja usimuulize anataka nini, muulize anaumwa wapi, na akisema haumwi popote muuzie yoyote aende zake.

Garissa tulikuwa na balaa letu la ziada. Mipira tuliletewa kutoka Nairobi, na ile ilitengenezwa kwa ajili ya kule juu kwenye hewa nyepesi, ambako mpira wa kawaida unaruka kama umepagawa. Ukiishusha kwenye joto letu, kwenye nchi ya chini, inadunda kwa uvivu, inafika gotini inaanza kuomba ruhusa ya kulala. Basi kila mchezaji alijiona yeye ndiye dhaifu. Wote walikuja stoo wakilia nguvu, nguvu. Afisa mmoja wa mifugo alinisumbua hadi nikamlegezea nyuzi kupita kiasi, na jioni hiyo hiyo akapiga mpira ukavuka uzio, ukaingia kwenye zizi la mama mmoja, ukampata beberu kichwani. Yule mama alikuja na fimbo akiuliza ni daktari gani wa mifugo anayewatibu namna hiyo. Tulicheka sana wakati huo, na sikujua kwamba kiu hiyo ya nguvu ingekuja kutufikisha pabaya.

Mchezaji wetu bora hakuwa mtumishi wa serikali. Aliitwa Warsame, mchoraji wa mabango. Klabu ilimruhusu kuingia kwa sababu aliwapakia rangi ukuta mzima bila kudai kitu zaidi ya kucheza. Mnaokumbuka Garissa ya wakati ule mnajua maduka yalivyokuwa: nje kumechorwa bidhaa zote za ndani, gunia la mchele, thermosi, ngamia kwa muuza maziwa, jino lenye mizizi kwa mng'oa meno. Nyingi za picha hizo zilikuwa za mkono wa Warsame. Mkono huo wa kulia ndio uliomlisha mama yake, Mama Halima, na dada zake wadogo, kwa maana baba yao alikufa Warsame akiwa bado mdogo.

Alicheza kwa raketi kuukuu aliyoachiwa na mwalimu mmoja aliyehamishwa. Ilikuwa nzito, rangi imebabuka, nyembamba fremu yake, na ukiigonga kwa kisigino cha mkono inatoa mlio mfupi halafu inanyamaza. Mlio mfupi ni dalili njema, karirini hilo. Mpira haukutoka kwa kasi kubwa, lakini ulikwenda pale pale alipoutaka, na Warsame alikuwa na macho ya mchoraji, anaona nafasi kabla haijawa nafasi. Nilipenda kumtazama. Nilikuwa naacha kuhesabu jezi nakwenda kusimama mlangoni.

Halafu ikaja raketi ya abti.

Abti ni mjomba, ndugu wa mama, na kwa Wasomali hata mjomba naye humwita mpwa wake abti, kila mmoja jina lile lile. Huyu aliitwa Abti Yusuf. Alikuwa dereva wa lori, na baba yake Warsame alipofariki yeye ndiye aliyeshika ile nyumba. Vita vya upande wa pili wa mpaka vilipoanza na biashara ikaharibika, alipata njia ya kwenda Ulaya, akaenda. Kutoka huko alisaidia kadiri alivyoweza, na siku moja mtu aliyekuwa anarudi nyumbani aliwaletea furushi refu. Ndani mlikuwa na raketi nyeusi, mpya, fremu nene kama mkono wa mtoto, nyepesi kushangaza, na nyuzi ngumu zinazokwaruza ukizipitisha kidole.

Niliigonga kwa kisigino cha mkono. Ililia muda mrefu.

Nilimwambia Warsame kwamba hii ni nzuri kwa mtu mzima anayecheza taratibu Jumapili, siyo kwa anayecheza kila jioni na mipira yetu mizito. Alinitazama kwa adabu kama anavyotazamwa mtu aliyesema neno baya msikitini bila kujua. Zawadi ya abti haikosolewi, Mama, alinijibu. Hilo halikuwa la kujadili. Mtu aliyekulea anakutafutia kitu katika baridi ya watu, anakupelekea, halafu wewe unakirudisha kabatini? Watu wangesema nini, na abti akisikia je? Na angesikia, maana Garissa haina siri.

Kulikuwa na jambo lingine, na hilo hata leo linanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mpini ulikuja umefungwa nailoni ile nyembamba ya dukani, na Warsame hakuitoa. Mnajua tabia yetu: kochi linakaa na nailoni yake mpaka watoto wanaoa, kiti cha gari vivyo hivyo. Yeye alitaka abti atakapokuja aikute raketi bado ni mpya, kama alivyoinunua. Basi akacheza kwenye joto la Garissa, kiganja kikitiririka jasho juu ya nailoni, na kwa kuwa inateleza, aliikaba kama anayemkaba mwizi. Fremu ngumu, nyuzi ngumu, mkono umekaza. Hata adui yako usingempangia vibaya zaidi.

Mwanzoni ushindi ulikuja. Mpira ulitoka kama umetukanwa, watu wakapiga makofi, na sifa za raketi ya abti zikafika mpaka Kotile. Baadaye nikaanza kumwona anashusha mkono kati ya pointi moja na nyingine, anaukunja na kuukunjua. Halafu akaanza kufungua mlango wa stoo kwa mkono wa kushoto. Halafu kikombe cha chai akakishika kwa mikono miwili.

Sikutishika kweli mpaka nilipopita kwa mama mmoja muuza maziwa, nikamwona ngamia mpya ukutani. Mgongo wake ulikuwa na mawimbi na miguu yake imetetemeka. Wateja walikuwa wanamuuliza yule mama kama ngamia wake ana homa, naye anacheka. Mimi sikucheka. Nilisimama pale na kikapu changu, maana nilijua ule mstari haukuchorwa na mtu anayejifunza. Ulichorwa na mkono unaokufa.

Nilimkokota hospitali. Daktari aliyempima alibonyeza pembeni ya kiwiko, na Warsame, ambaye ni mtu wa kimya, alitoa sauti. Aliambiwa aache kucheza kwa miezi, na kama hawezi kuacha basi abadilishe kila kitu, la sivyo atafika mahali hata kijiko kitamshinda. Tulipotoka nje nilimuuliza amesikia? Akasema amesikia. Nikamuuliza atafanya nini. Akasema abti wake anakuja mwezi huu, mara ya kwanza tangu aondoke, na amekwisha kuuliza kwa simu siku ya mchezo na timu ya Wajir.

"Mama, nikicheza siku hiyo moja, basi," aliniambia. "Aone. Baadaye mkono ife."

Sijui kama mmewahi kumpenda mtoto wa mwenzenu mkatamani kumchapa. Mimi nilitamani. Lakini ukipiga kelele mbele ya heshima ya mtu, heshima inazidi kuota mizizi, kwa hiyo nilifanya ninachokijua. Kwanza nailoni. Yeye alikataa, nikaenda kwa Mama Halima, tukabishana kwa Kiswahili changu na Kisomali chake mpaka chai ikapoa, akakubali itolewe kwa sharti kwamba ikunjwe vizuri na kuwekwa sandukuni na nguo za Idi. Nikazungushia mpini utepe wa ngozi ya mbuzi mpaka ukajaa kiganja. Nikaenda kwa mafundi wa matairi nikaomba vile vipande vya uzito wanavyobandika kwenye rimu, nikavificha ndani ya mpini ili uzito urudi mkononi. Nikakata zile nyuzi ngumu nikafunga laini, nyeusi vile vile asije mtu akatambua, na nikazilegeza.

Maumivu yalipungua, nikajisifu. Lakini fremu nene yenye nyuzi laini ni farasi asiye na lijamu. Mpira ulianza kupita mstari, kila wa pili nje. Warsame akaanza kuuzuia mkono katikati ya kipigo ili mpira usiruke, na kuuzuia mkono ukiwa kasi ni kubaya kuliko kupiga. Jumatatu alikuja anatabasamu, Alhamisi alikuja kimya. Nguvu ukishaiongeza lazima kitu kiizuie, na pale kilichoizuia kilikuwa kiwiko kile kile. Nilikaa stoo nimeshika kichwa. Ujuzi wangu wote ulikuwa umeishia hapo, maana fremu siwezi kuifunga upya, na ubaya wenyewe ulikuwa kwenye fremu.

Niliona njia moja tu imebaki. Zawadi ya abti hakuna wa kuikosoa isipokuwa abti mwenyewe, na abti hakuwahi kupiga mpira hata mmoja kwa ile raketi.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa klabu nikamwambia tuna mgeni kutoka Ulaya, na kwenye mpira wa miguu mgeni wa heshima hupiga teke la kwanza, basi sisi tumpe apige mipira ya kwanza, na apige kwa raketi yake aliyoileta. Alipenda sana wazo hilo. Asubuhi ya mchezo nikamwambia Warsame aniachie raketi niikague. Nikatoa vile vyuma mpinini. Nikakata nyuzi laini, nikafunga ngumu kwa mkazo ule ule ilivyokuja nao. Kisha nikachagua mipira mizito kuliko yote niliyokuwa nayo.

Zingatieni nilichokuwa nimefanya. Abti akipiga na asisikie maumivu, Warsame angeingia uwanjani na raketi ikiwa katika hali yake mbaya kabisa, mbele ya watu wote, na asingetoka na mkono. Nilijiapia kwamba ikifika hapo nitazikata nyuzi kwa mkasi mbele ya umati na waniite mwendawazimu. Mkasi niliuweka kwenye mfuko wa sweta, na mtu anayevaa sweta Garissa tayari amekwisha kuitwa mwendawazimu.

Abti naye alikuwa hajafika. Alikuwa amekwenda kwanza kuona jamaa Habaswein, na magari yalikuwa yanasubiri askari wa kuyasindikiza. Mchana tukapata habari kwa taar, ile redio ya upepo ambayo mji mzima husikiliza mazungumzo yako, kwamba amepata nafasi kwenye lori moja na timu ya Wajir. Walipoteremka, vijana wa Wajir walikuwa wanacheka, maana njia nzima alikuwa amewaeleza jinsi mpwa wake atakavyowashinda kwa raketi aliyomnunulia yeye mwenyewe. Alikuwa mtu mrefu, ndevu zimepakwa hina, amevaa koti la suti katika jua lile. Alimkumbatia Warsame akamshika mkono wa kulia akautikisa kwa nguvu ya furaha. Niliona uso wa Warsame ukigeuka kijivu. Hakuondoa mkono.

Baada ya Alasiri watu wakajaa. Mwenyekiti alitangaza, makofi yakapigwa, Abti Yusuf akaingia kortini na raketi, Warsame akaenda upande wa pili na ile kuukuu. Abti alikuwa amewahi kucheza mpira wa wavu alipokuwa askari kijana, kabla ya kazi ya lori, hakuwa mgeni wa kupiga kitu kikapaa. Alipiga wa kwanza, ukavuka. Wa pili ukavuka. Watu wakashangilia, naye akacheka akainua raketi juu. Hakusikia kitu.

Nilifahamu kwa nini. Warsame alikuwa anamrudishia mipira kwa upole, kama unavyompa mzee maji. Asingeweza kumpigia abti wake kwa nguvu hata ungemlipa. Mwenyekiti alikuwa ameanza kutazama saa. Nilikaza leso, nikaingia kortini, nikamnyang'anya Warsame ile kuukuu, na watu wakaanza kucheka kabla sijafanya lolote. Nikampigia abti mpira kwa nguvu yangu yote.

Aliurudisha. Nikampa mwingine, mwili mzima nyuma yake, ukampata nje ya katikati ya nyuzi, pale panapouma. Akaurudisha huo pia, lakini cheko likapungua. Wa tatu, wa nne. Sasa ilikuwa heshima, hakutaka kushindwa na mama mwenye leso, na umati haukumruhusu. Nilikuwa natafuta pumzi, naomba Mungu kwa Kikamba. Nikapiga mmoja wa chini, mzito, akaupokea amechelewa, na nikaona bega lake linaruka.

Akasimama. Raketi akaihamishia mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia akawa anafungua na kufunga vidole. Kisha akageuka polepole akamtazama Warsame aliyekuwa kando ya wavu. Warsame alikuwa amesimama ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, kiwiko kimeegemezwa tumboni, kama alivyokuwa akisimama kila siku bila kujua kwamba anasimama hivyo.

Abti alimwendea. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Abti," alisema, "hii inakufanyia hivi tangu lini?"

Warsame aliuachia mkono haraka.

"Nakuuliza. Kwa nini hukusema?"

"Wewe ndiyo uliniletea, abti."

Yule mzee alikishika kiwiko cha mpwa wake, akakifunika tu kwa kiganja, na Warsame akafumba macho. Watu wa nyuma walikuwa bado wanapiga kelele wakidhani ni utani wa mjomba na mpwa. Abti alizungumza kwa sauti ndogo, na kwa kuwa alijua nami nasikiliza alizungumza Kiswahili, kile chake kilichokaa miaka bila kutumika, p ikimtoka b.

"Mimi nilienda kwa duka, nikamwambia yule mtu, nibe ile ya ngufu kabisa. Nilikuwa nafikiri, nyumba ya dada yangu hakuna mwanaume, mimi nimeondoka, huyu kijana ni beke yake. Nikasema, wacha nimbelekee ngufu. Sikuuliza mkono yake iko namna gani. Nilisahau hata kama ni kubwa ama ni ndogo." Akaninyooshea kidole. "Chukua hiyo ya zamani kwa huyu mama. Hii niliileta mimi, naichukua mimi."

Na akaiweka kwapani.

Nitawaambia kwamba mkono ulipona. Ulichukua muda mrefu, brashi ilikaa kwa mkubwa wa wale dada zake kwa miezi na yeye akimwelekeza kwa maneno, na alipoanza tena kucheza alicheza na raketi tuliyoichagua pamoja, yenye fremu laini, nzito mpinini, nyuzi za wastani, mlio mfupi. Mkitaka kuchagua vizuri, anzeni na hizo. Lakini jioni ile hakuna aliyejua kama utapona, timu ya Wajir ilikuwa imesimama upande wa pili inangoja, na mji mzima ulikuwa umekuja kumtazama Warsame.

Warsame alisema atacheza. Alisema kwa raketi kuukuu anaweza, michezo michache tu. Nilitia mkono kwenye mfuko wa sweta nikaushika mkasi, ingawa sasa sikujua ningekata nini.

Abti alikuwa ameshaanza kutembea. Alizunguka wavu, na lile koti lake lilikuwa limelowa mgongoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa nahodha wa Wajir na wale vijana waliomsikiliza akijigamba njia nzima kutoka Habaswein. Umati ukasogea ili usikie. Alisimama mbele yao na raketi nyeusi kwapani, akasema kwa sauti ya kumfikia kila mtu:

"Mchezaji yetu ni mgonjwa, haweza kucheza. Mimi ndiyo nimemfanya mgonjwa."